Mwaka wa Kumtuliza Wakio

Jumatatu, 9 Januari 1984

Leo shule zimefunguliwa. Wakio ameingia darasa la tatu tena, pale pale alipoketi mwaka jana, na waliokuwa wenzake wako chumba cha pili wakimchungulia dirishani. Sare nimemshonea mwenyewe. Kufika saa nne pindo lilikuwa limefumuka na kifungo kimoja hakipo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mwatate, na binti yangu ndiye tangazo baya kuliko yote la kazi yangu.

Hedimasta, Bwana Mwandawiro, alinisimamisha langoni. "Mama Wakio, mwaka huu ndio wa mwisho. Asipopanda darasa la nne, sina nafasi ya kumrudisha tena. Kuna watoto wanataka kusoma." Kisha akaniongezea methali, maana mtu huyu haagani na mtu bila methali: samaki mkunje angali mbichi. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kumkunja samaki aliye hai. Nikasema asante, mwalimu.

Naandika haya nyuma ya kitabu changu cha vipimo. Watu wamechoka kusikia habari za Wakio, na karatasi haichoki.

Jumatano, 11 Januari

Amepoteza penseli.

Alhamisi, 12 Januari

Amepoteza ile niliyomnunulia jana.

Jumapili, 29 Januari

Kanisani, wakati wa maombi ya mvua, Wakio alipita chini ya viti mpaka kwa mzee wa kanisa ili amwonyeshe mjusi. Mjusi alikuwa mzuri, nakubali. Baada ya ibada wenzangu wa Muungano wa Kina Mama wakanipa dawa, kila mmoja yake. Wa kwanza alisema nimemdekeza. Wa pili akasema ni kiboko kimepungua. Wa tatu akasema pole kwa sauti ya msibani, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Si mkaidi. Ukimtuma maji anakwenda mbio kwa moyo wote. Njiani anakutana na siafu, na siafu wana safari yao, na yeye anawasindikiza. Ndoo utaikuta kesho. Ana miaka tisa. Akigundua kwamba amesahau tena, analia mpaka anatapika, lakini hilo analifanyia nyumbani, kwa hiyo watu hawalijui.

Baba yake, Zephaniah, ni karani wa kupima mkonge shambani. Ni mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Leo jioni, akivua viatu, alitoa machache: "Asipopanda darasa, ataenda kwa Mable." Mable ni wifi yangu. Analima maharagwe na mahindi Njukini, kule karibu na Taveta, ana watoto wadogo watatu na anatafuta wa kuwashika. Kwake shule ni mahali pa kupitia ukiwa huna kazi.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Darasa la nne au Njukini.

Alhamisi, 16 Februari

Nataka kuandika hili vizuri nisije nikalisahau.

Mguu wangu wa kulia umevimba na nilikuwa na sare za watu za kumaliza. Nikamwambia Wakio achuchumae chini ya cherehani anisukumie pedali kwa mikono, mimi niongoze kitambaa. Akaanza kusukuma, akaanza kuimba: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Nikamrekebisha alipokosea. Akaendelea. Nimemfundisha hesabu ya saba mwaka mzima akiwa ameketi, nikimfinya sikio, na haikuingia. Leo kabla jua halijatua aliimaliza yote, mbele na nyuma.

Mwili ukipewa kazi, kichwa kinatulia. Sijui kama kuna kitabu kinachosema hivyo. Nimefika darasa la saba tu.

Jumatatu, 5 Machi

Nimekwenda kumwona mwalimu wake, Mwalimu Mutindi. Ni Mkamba wa Kibwezi, bado kijana, mgeni hapa. Nilijiandaa kugombana, hata nikavaa lile gauni langu la ugomvi lenye kola. Akaniambia, "Mama, hata mimi nimeona. Huyu si mjinga. Ni vile tu ukimkalisha, akili inabaki nje inamngoja."

Nilikaribia kulia mbele yake.

Tumekubaliana hivi. Atakaa mbele, mbali na dirisha. Hapewi hesabu kumi kwa pamoja, anapewa moja, na mwalimu anachora mstari wa chaki chini yake, kama mimi ninavyochora mahali pa kukata. Akiimaliza anainuka: anafuta ubao, analeta chaki, anapeleka rejista. Siku za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, yeye ndiye wa kugawa zile pakiti za pembetatu. Kisha anarudi kwenye hesabu nyingine. Na nyumbani nami nafanya hivyo hivyo, neno moja, kazi moja.

Bwana Mwandawiro haambiwi. Yeye anaamini mtoto anayeinuka ovyo anamdharau mwalimu.

Ijumaa, 6 Aprili

Shule imefungwa. Wakio amekuwa wa thelathini na moja kati ya hamsini na wawili. Mwaka jana alikuwa wa mwisho, na hapakuwa na mtu karibu naye. Baba yake aliitazama ripoti kwa muda mrefu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati badala ya kunirudishia.

Jumapili, 29 Aprili

Mvua hakuna. Mahindi ya watu yamefika magotini yakasimama.

Jumatatu, 28 Mei

Mvua hakuna. Mahindi sasa ni makapi. Nashona kidogo, maana nani anashona nguo wakati wa njaa. Wakio anajua hesabu mpaka ya tisa. Anasoma akizunguka nyumba, anapita mlangoni na sentensi moja, nangoja, anapita na nyingine.

Alhamisi, 12 Julai

Siku mbaya. Nilimtuma kushika foleni ya mahindi ya manjano ya serikali, akaiacha kumfuata mtu mwenye tumbili. Tulilala na uji. Na sweta ya shule ameipoteza, ya tatu. Nikamchapa kwa ile rula yangu ya mbao. Hakukimbia. Alisema, "Mama, hata mimi nimechoka na mimi."

Rula nimeiweka juu ya kabati. Sijui nimwambie nini mtoto anayesema hivyo.

Ijumaa, 3 Agosti

Wa kumi na tisa! Mwalimu Mutindi alinishika mikono yote miwili. Darasa la nne wanaingia thelathini na watano wa kwanza, kwa hiyo akisimama hapo hapo, amepita.

Halafu akaniambia lile lingine, ambalo tumbo lake lilikuwa limeshaniambia. Muhula ujao hayupo. Anakwenda kwao kujifungua.

"Nani atashika darasa?"

Akatazama chini. "Hedimasta mwenyewe, mama."

Jumamosi, 18 Agosti

Tuko Mgange, mlimani, kwa mama mkwe wangu, nyanya Mkamburi. Huku kuna ukungu asubuhi na sukuma wiki bado ina rangi. Nimepumzika kidogo, kisha sikupumzika.

Nyanya amemtazama Wakio siku tatu akipanda na kushuka, akasema haya si ya shule wala kiboko. Kuna mtu wa karibu mwenye hasira moyoni juu ya mtoto huyu, pengine hata mwenyewe hajijui, na hasira hiyo inamchemsha. Lazima watu watase.

Mambo ya kutasa, sisi wa kanisa tunayafanya tukiwa tumefunga mlango. Mwenye hasira anajaza maji kinywani, au maji ya muwa, anayarusha hewani kama manyunyu, anasema hasira yangu itoke, fulani apoe. Ni hayo tu. Hakuna kuchinja, hakuna mganga. Nilikubali kwa kuwa nimechoka. Nikatema yangu, na moyoni nilikuwa ninayo, ile ya sweta na ile ya tumbili.

Baba Wakio alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani ataondoka. Alivua kofia, akachukua kibuyu, akarusha maji vizuri kabisa, akasema, "Kama nimekukasirikia, mwanangu, ni kwa sababu mimi nilikuwa hivi hivi. Itoke. Upoe."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwa najua. Nyanya akaniambia baadaye jikoni, akichochea moto, "Zephaniah? Huyo alikuwa kama nyani. Walimu wa misheni walimpiga mpaka akanyamaza. Hajaanza kusema tena mpaka leo." Alisema kama mtu anayesifu dawa iliyofanya kazi. Mimi nilitoka nje.

Wakio aliuliza maswali mengi juu ya maji yale. Nyanya akamjibu, lakini katikati ya jibu jogoo alipita.

Jumatatu, 10 Septemba

Muhula wa tatu. Bwana Mwandawiro amemkalisha Wakio nyuma, dirishani. Hesabu kumi kwa pamoja. Nilikwenda kumweleza habari ya mstari wa chaki na kazi za kuinuka. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Kisha akasema, "Mama Wakio, hapa si kwa fundi."

Ijumaa, 14 Septemba

Amepigwa. Aliinuka bila ruhusa.

Jumanne, 18 Septemba

Amepigwa.

Jumatano, 19 Septemba

Amepigwa. Alikuwa ameinuka kufuta ubao.

Alhamisi, 27 Septemba

Hakupigwa. Nilifurahi, mpaka aliponiambia kwamba alisimamishwa jua kali toka maziwa hadi kengele ya chakula. Anakojoa kitandani. Mawingu yamekaa juu ya milima na hayashuki.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nitaandika kama lilivyotokea.

Saa tano mtoto wa jirani alikuja mbio dukani: "Mama Wakio, Wakio amemtemea hedimasta mate!" Niliacha mkasi ndani ya kitambaa cha mtu nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya ofisi, mapaja yamejaa alama, na walimu wamesimama wakitikisa vichwa.

Nilimtoa kwa nguvu hadi nyumbani. Nikamwambia anieleze neno moja moja, kama tunavyofanya. Ilikuwa hivi. Hedimasta alikuwa akimfokea Wakesho, msichana mwingine, mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Wakio akamhurumia. Nani? "Hedimasta, mama. Alikuwa anaumia." Akatoka, akaenda kwenye mtungi wa darasa, akajaza maji kinywani, akarudi, akasimama mbele yake, akayarusha. Yalimwingia usoni na kwenye shati. Kisha akasema kwa sauti, darasa zima likisikia, "Hasira yako itoke, mwalimu, upoe."

Mwenye hasira ndiye anayetema. Nyanya alimwambia hivyo, lakini mwishoni mwa jibu. Wakio alisikia nusu, ile nusu iliyobaki ilikwenda na jogoo. Alidhani unamrushia yule mgonjwa, kama unavyozima moto.

"Nilikosea, mama?"

Nilimwambia alikosea kidogo tu. Kisha nikaenda chooni nikalia huko.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimeitwa ofisini. Baba Wakio hakuruhusiwa kutoka shambani, kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Mezani palikuwa na rejista, kiboko, na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa amefunga mlango. Nilitarajia makelele, nikakuta mtu aliyekonda usoni, kama hakulala. Walimu wengine, wa kutoka nje, wanadhani ni mate tu. Lakini Bwana Mwandawiro amezaliwa Mgange, kilima kimoja na mume wangu. Yeye anajua alichofanyiwa: ameambiwa mbele ya watoto kwamba ana hasira ya kutemwa.

Akaacha Kiswahili, akaingia Kidawida, lugha yetu, ile anayowapigia watoto wakiizungumza uwanjani.

"Nani alimwambia nina hasira?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Alikosea. Mtoto alisikia vibaya mambo ya nyanya yake."

"Nakuuliza tena. Nyumbani kwako mnasema nini juu yangu? Mimi nasoma neno madhabahuni kila Jumapili. Watoto hamsini wamesikia. Wamekwenda kuwaambia wazazi wao. Jana kanisani nilipofungua kitabu, kina mama walinitazama kinywa."

Nilimwonea huruma, na sikutaka. Mwaka mzima nimekuwa nikimchukia vizuri, kwa raha, na sasa niliona mtu mzima anayeogopa mtoto wa miaka tisa. Nikapata ujasiri, au upumbavu, hivi viwili huwa havijitambulishi.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ni wa Muungano wa Kina Mama, sitamwambia mtu. Tuko wawili tu na mlango umefungwa. Kama iko, iteme. Maji hayo hapo. Mtoto apoe, na wewe upoe, arudi darasani amalize mwaka."

Nje watoto walikuwa wakiimba hesabu ya saba. Akaondoa kile kitambaa, akainua glasi, akajaza kinywa. Niliona mashavu yamejaa. Niliinamisha kichwa, maana ndivyo inavyotakiwa, nikangoja manyunyu.

Nikasikia koo lake. Ameyameza.

Akaweka glasi, akarudi kwenye Kiswahili. "Mtoto huyu hana nafasi katika shule hii. Na shule nyingine ikiuliza, nitaandika ukweli: alimtemea mwalimu mkuu."

Jumanne, 16 Oktoba

Nimezunguka shule mbili. Zote zinataka barua kutoka kwa Bwana Mwandawiro.

Jumapili, 21 Oktoba

Wifi Mable alikuja kumchukua. Ni mwanamke mwema, nimwandike kwa haki. Alileta ndizi, akamkumbatia Wakio, akaniambia, "Usijali, wifi. Kule kuna kazi, atatulia. Januari tutaona shule." Hilo "tutaona" nalijua.

Baba Wakio alimbeba begani mpaka stendi, msichana mkubwa vile, miguu ikimpiga kifuani njia nzima, na hakumwambia aache. Nilijaribu kumchukia kwa ajili ya Njukini nikashindwa. Aliporudi alikaa mlangoni. Nikamuuliza, "Wewe ulitulia vipi, Baba Wakio, ulipokuwa mdogo?" Akafikiri.

"Sikutulia," akasema. "Niliacha."

Jumatano, 31 Oktoba

Mvua imeanza.

Jumatano, 7 Novemba

Mvua. Watu wanapanda huku wanaimba. Duka linavuja, nimehamisha cherehani. Napiga pedali mwenyewe, na nyumba iko kimya, vitu vyote viko mahali pake. Penseli niliyoiweka dirishani mwezi uliopita iko dirishani.

Ijumaa, 23 Novemba

Shule imefungwa. Nilipita karibu na ua wakati wanasoma majina ya waliopanda. Wakesho amepanda. Mtoto aliyekuwa wa thelathini na tano muhula uliopita amepanda. Sikujua nilikuwa nangoja jina gani, mpaka waliponyamaza.

Jumamosi, 1 Desemba

Nimetoka Njukini leo.

Kule kumekuwa kijani mpaka macho yanauma. Nilimkuta Wakio kibarazani anatoa maharagwe kwenye maganda, mtoto mdogo wa Mable amelala mgongoni mwake. Sare aliyokwenda nayo ameivaa, vifungo vyote vipo. Aliniamkia shikamoo. Hakunirukia.

"Umeona?" Mable alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Sijampiga hata mara mbili. Nilimfundisha tu kukalia mikono. Akisikia mwili unataka kuruka, anakalia mikono yake mpaka inapita. Sasa unaweza kusahau kama yuko nyumbani."

Tulikula. Wakio alikaa mkekani, viganja vyake viwili chini ya mapaja, akavitoa kula, akavirudisha. Siafu walipita karibu na mguu wake, msururu mrefu, wamebeba mabaki ya ugali. Aliwatazama, kisha akatazama kwingine. Nilimuuliza saba mara nane. Akasema hakumbuki, na hakuona haya.

"Mama, siku hizi natulia," akaniambia.

Ni neno nililoliomba kanisani, na mlimani, na mezani kwa mwalimu. Nikamfungua yule mtoto mgongoni nikamlaza, nikamshika Wakio mabega, nikamwonyesha mgomba ulioko mwisho wa shamba.

"Kimbia mpaka pale," nikamwambia, "urudi."

Akamtazama shangazi yake kwanza. Mable akacheka, akasema, "Enda, mama amesema."

Akaenda. Lakini alitembea.